Kicukiro: uwanja wa kriketi ulioota mahali watu walipoachwa

BUNIA – Ndani ya shule ya ufundi ya Kicukiro, mjini Kigali, kuna uwanja ambao hadi mwaka 2017 ndio uliokuwa uwanja pekee wa kriketi katika Rwanda nzima. Ni uwanja wa shule: nyasi, majengo ya madarasa pembeni, na wapita njia wanaosimama kuangalia. Lakini jina la zamani la shule hiyo, ETO, linajulikana duniani kwa sababu nyingine kabisa. Ni hapo ambapo mwezi wa nne mwaka 1994 zaidi ya watu 2,000 waliokuwa wamekimbilia ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa waliachwa peke yao, wauaji wakiwa wamekaa kwenye geti.

Jinsi mchezo wa Waingereza ulivyofika kwenye uwanja huo wa Kigali ni habari inayotugusa sisi wa Ituri kuliko inavyoonekana kwa mbali. Hatuchezi kriketi, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haimo hata katika orodha ya wanachama wa Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC. Lakini kukimbia tunakujua. Kurudi tunakujua. Na tunajua pia maana ya kupita kila siku mahali ambapo watu waliuawa, halafu siku moja kuamua mahali hapo pafanywe nini.

Mchezo wenyewe ni upi?

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, tuueleze kwa ufupi. Ekipe mbili za watu 11 kila moja zinapeana zamu. Katikati ya uwanja kuna njia nyembamba yenye urefu wa mita 20 hivi. Kila mwisho wa njia hiyo vimesimamishwa vijiti vitatu, ambavyo pamoja huitwa wiketi. Mrushaji anakimbia na kurusha mpira mdogo, mgumu, akilenga vijiti. Mpigaji anavilinda kwa gongo pana la mbao. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake wa upande wa pili wanabadilishana nafasi mbio, na kila wanapofaulu kuvuka wanapata mkimbio mmoja. Mpira ukibingirika hadi nje ya mpaka ni mikimbio minne. Ukivuka mpaka bila kugusa chini ni sita.

Mpira ukiangusha vijiti, au ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji anatoka na mwingine anaingia. Wakishatoka kumi, zamu imekwisha. Katika aina fupi ya mchezo huu, inayoitwa T20, kila ekipe inarushiwa mipira 120 tu, na mechi inamalizika kwa saa tatu hivi. Kwenye nchi zisizo na pesa nyingi za michezo, njia ya katikati hutengenezwa kwa saruji na kufunikwa mkeka maalumu, kwa sababu kutunza nyasi zilizokatwa sawasawa ni kazi ya gharama.

Waingereza waliupanda mchezo huu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wabelgiji hawakuujua. Ndiyo maana katika makoloni yao matatu ya zamani, yaani Kongo, Rwanda na Burundi, vizazi vilikua na mpira wa miguu na baiskeli bila kuona gongo la kriketi. Mpaka wa mchezo huu ulifuata mpaka wa lugha: palipofundishwa Kiingereza palikuwa na kriketi, palipofundishwa Kifaransa haikuwepo.

Aprili 11, 1994

Kabla ya kriketi, ETO ilikuwa shule ya ufundi iliyoendeshwa na mapadre wa Salesiani wa Don Bosco. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 7, 1994, askari wapatao 90 wa Ubelgiji waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, MINUAR, walikuwa wamepiga kambi humo. Habari zikaenea mtaani kwamba pale kuna askari wa kofia za bluu. Watu wakamiminika: akina mama na watoto, wazee, familia nzima na mablanketi yao.

Siku ileile ya Aprili 7, wanajeshi wa Rwanda waliwaua askari kumi wa Kibelgiji mahali pengine mjini Kigali. Serikali ya Ubelgiji ikaamua kuwaondoa askari wake. Aprili 11, baada ya wageni wa kizungu kuhamishwa, askari walipanda magari yao wakaondoka ETO. Wapo waliowasihi wasiondoke. Wapo waliolala chini mbele ya magari.

Waliobaki walijaribu kutembea kuelekea uwanja wa mpira wa Amahoro, kilomita kadhaa kutoka hapo, ambako kulikuwa na askari wengine wa Umoja wa Mataifa. Hawakufika. Wanajeshi na wanamgambo wa Interahamwe waliwazuia njiani, wakawageuza na kuwapeleka kwenye kilima cha Nyanza, Kicukiro. Huko waliuawa kwa risasi, magruneti na mapanga. Waliosalimika walikuwa wachache, baadhi yao wakiwa wamelala chini ya maiti.

Siku kumi baadaye, Aprili 21, Baraza la Usalama lilipunguza MINUAR hadi watu 270. Ilipofika mwezi wa saba, zaidi ya watu laki nane walikuwa wameuawa nchini Rwanda. Mwaka 2000, waziri mkuu wa Ubelgiji, Guy Verhofstadt, alikwenda Kigali na kuomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Leo Nyanza kuna makaburi ya pamoja na kumbukumbu ambako watu hukusanyika kila mwaka tarehe 11 Aprili.

Msomaji wa Bunia hahitaji kuelezwa zaidi. Mwezi wa tano mwaka 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka hapa kwetu, maelfu ya wakaaji wa mji huu walikimbilia kando ya ofisi za MONUC na uwanja wa ndege wakati wanamgambo walipokuwa wakipigana kartie kwa kartie. Askari wa Uruguay, mia saba hivi, hawakuondoka, lakini hawakuwa na nguvu ya kuzuia mauaji mjini. Ilibidi Baraza la Usalama lipitishe azimio namba 1484 la Mei 30 ndipo kikosi cha Ulaya kilichoitwa Artemis, kikiongozwa na Ufaransa, kifike mwezi wa sita. Wapo kati yetu waliolala chini ya mashitiri mwaka ule, na leo watoto wao wanacheza mpira mahali palepale.

Mchezo uliokuja na mizigo ya waliorudi

Baada ya vita, Rwanda ilipokea watu waliokuwa nje kwa miaka mingi. Familia nyingi zilikuwa zimekimbilia Uganda, Kenya, Tanzania, Burundi na kwetu Kongo tangu mwaka 1959 na miaka iliyofuata. Watoto waliozaliwa ukimbizini hawakuwahi kuiona nchi ya wazazi wao. Waliosoma Uganda na Kenya walikuwa wameingia shule za mfumo wa Kiingereza, na katika baadhi ya shule hizo walishika gongo la kriketi kama sisi tulivyoshika mpira wa miguu.

Walipovuka mpaka kurudi, wengine walileta vyeti, wengine ng'ombe, wengine ufundi wa kazi. Wachache walileta kriketi. Chama cha Kriketi cha Rwanda kilianzishwa mwaka 1999, miaka mitano tu baada ya mauaji. Miongoni mwa waanzilishi alikuwa Charles Haba, aliyekuja kukiongoza. Mwaka 2003 ICC iliipokea Rwanda kama mwanachama.

Hapo tukumbuke jambo moja. Hakuna mkoloni aliyepeleka kriketi Rwanda, na hapakuwa na amri ya serikali ya kuanzisha mchezo huu. Ulipelekwa na watu waliokuwa wakimbizi, waliojifunza mchezo wa nchi iliyowahifadhi na ambao, kwa kurudi nyumbani, hawakutaka kuuacha. Baadaye siasa iliufuata mkondo huohuo: mwaka 2008 Rwanda iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni, na Novemba 2009 ikaingia Jumuiya ya Madola. Lakini gongo lilitangulia.

Tabia ya uwanja mmoja

Mchezo ulihitaji mahali. Kriketi inakula ardhi: inataka duara kubwa la nyasi, na mpira ukipigwa vizuri unaweza kuvunja dirisha la jirani. Katika Kigali, mji wa vilima, ardhi ya tambarare ni adimu. Uwanja wa ETO ulikuwepo. Hivyo wachezaji wakaenda kurusha mipira katika shule ambayo jina lake wengi hawakuweza kulitamka bila kunyamaza kwanza.

Nchi yenye uwanja mmoja inacheza kwa namna yake. Ekipe ya taifa na watoto wanaoanza wanatumia nyasi zilezile. Wanawake wakicheza, wanaume wanasubiri. Anayefika mapema anamkuta mwenzake amefika mapema zaidi. Na kwa kuwa ni uwanja wa shule, usio na ukuta wa kuficha mchezo wala tiketi ya kuingilia, mtoto wa mtaani anaweza kusimama pembeni akaangalia hadi akaelewa, kisha akaomba gongo. Mchezo mgeni unahitaji kuonekana. Ukifungiwa ndani ya klabu ya matajiri, kama ulivyofungiwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, unabaki wa matajiri. Kicukiro haikuwa klabu ya mtu.

Jambo la pili katika tabia ya uwanja huo ni kwamba historia yake haikufunikwa. Mwaka 2014, miaka ishirini baada ya mauaji, chama cha kriketi kilianzisha mashindano ya kila mwaka ya wanawake na kuyaita Kwibuka, neno la Kinyarwanda ambalo kila msemaji wa Kiswahili analisikia bila mkalimani: kukumbuka. Ekipe za nchi jirani zinaalikwa, na michezo inafanyika katika majira ya maombolezo, yanayoanza Aprili 7. Kucheza na kukumbuka viliwekwa katika kalenda moja.

Saa 51 za kusimama

Uwanja wa shule hauwezi kupokea mashindano makubwa. Mwaka 2011 ulianzishwa Uingereza mfuko wa hisani wa kujenga uwanja wa kriketi Rwanda, kwa kumbukumbu ya Christopher Shale, mwanasiasa wa Kiingereza aliyefariki mwaka huo. Mwanawe Alby akawa msimamizi wa mradi. Kukusanya pesa kulichukua miaka sita.

Wanyarwanda wenyewe walichangia kwa miili yao. Mwezi wa tano mwaka 2016, kapiteni wa ekipe ya taifa, Eric Dusingizimana, aliingia ndani ya wavu wa mazoezi akaanza kupiga mipira anayorushiwa. Alipiga mchana, akapiga usiku, akapiga mchana mwingine. Sheria za rekodi za Guinness zilimruhusu kupumzika dakika tano tu kwa kila saa. Aliposimama zilikuwa zimepita saa 51, na rekodi ya dunia, ambayo Mhindi Virag Mare alikuwa ameiweka kwa zaidi kidogo ya saa 50, ilikuwa yake. Mwezi wa pili mwaka 2017, mchezaji wa ekipe ya wanawake, Cathia Uwamahoro, alifanya vilevile kwa saa 26 na kuweka rekodi ya wanawake.

Wote wawili walipigia mipira yao Petit Stade, ukumbi mdogo ulio kando ya uwanja wa Amahoro. Ni Amahoro ileile ambayo watu wa ETO walikuwa wakiiendea kwa miguu Aprili 11 bila kufika.

Udongo wa nyumbani

Oktoba 28, 2017, Rais Paul Kagame alizindua uwanja mpya wa kriketi huko Gahanga, nje kidogo ya Kicukiro, katika wilaya hiyohiyo. Gharama zilikuwa takriban pauni milioni moja za Uingereza. Kwa uwanja wa kimataifa, hizo ni pesa kidogo.

Picha za jengo lake zimezunguka dunia nzima. Ni matao matatu makubwa, membamba kama maganda ya yai, yanayopanda na kushuka kama mpira unaodundadunda, au kama vilima vya nchi yenyewe. Wasanifu wake, kampuni ya Light Earth Designs pamoja na mhandisi Michael Ramage wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walitumia ufundi wa zamani wa kusini mwa Ulaya: vigae vyembamba vinabandikwa tabaka juu ya tabaka mpaka tao linajibeba lenyewe. Vigae hivyo vilitengenezwa palepale kwa udongo wa Rwanda uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, bila kuchomwa kwenye tanuru. Wafanyakazi wa eneo hilo walifundishwa ufundi huo na ndio waliojenga. Kwa kuwa tetemeko la ardhi linawezekana katika ukanda wetu huu wa bonde la ufa, kati ya tabaka uliwekwa wavu wa kuimarisha.

Hilo ni somo kwa fundi yeyote wa Ituri. Udongo tunao. Mara nyingi kinachotukosesha jengo zuri ni imani kwamba kila kitu cha maana kinashushwa kutoka kwenye kontena.

Mikimbio sita, na wasichana wa 2023

Gahanga imeona mambo ya furaha na ya aibu. Mwezi wa sita mwaka 2019, katika mashindano ya Kwibuka, ekipe ya wanawake ya Mali, nchi nyingine ya Kifaransa inayojifunza mchezo huu, ilitolewa yote ikiwa na mikimbio sita tu. Rwanda ilishinda kwa kurushiwa mipira minne. Siku mbili baadaye Uganda iliipiga Mali kwa tofauti ya mikimbio 304. Dunia ya kriketi ilicheka. Lakini wanaojua kuanza kitu kutoka sifuri hawakucheka: wasichana wa Mali walirudi uwanjani kila siku mpaka mashindano yakaisha.

Miaka minne baadaye zamu ya kushangaza dunia ilikuwa ya wenyeji. Januari 2023, Afrika Kusini iliandaa Kombe la Dunia la kwanza la T20 la wasichana walio chini ya miaka 19. Rwanda ilikuwa imefuzu, mara yake ya kwanza kabisa katika mashindano ya dunia ya mchezo huu. Januari 17 ilikutana na Zimbabwe, nchi yenye miaka mingi ya kriketi ya kimataifa. Rwanda ilipata mikimbio 119. Zimbabwe iliishia 80. Henriette Ishimwe ndiye aliyefunga mchezo kwa kuwatoa wapigaji wanne kwa mipira minne mfululizo, jambo ambalo mchezaji wa kulipwa anaweza kustaafu bila kuliona. Siku tano baadaye wakawashinda West Indies, jina kubwa katika historia ya mchezo huu, waliotolewa kwa mikimbio 70. Kapiteni Gisele Ishimwe alibaki uwanjani mpaka ushindi ulipopatikana.

Hakuna hata mmoja wa wasichana wale aliyekuwa amezaliwa mwaka 1994.

Wanaume wao bado wanajifunza kupoteza. Novemba 30, 2023, huko Windhoek, Uganda ilihitaji kuwashinda ili kufuzu Kombe la Dunia la T20. Rwanda ilitolewa kwa mikimbio 65 na Uganda ikavuka kwa urahisi. Mwezi wa sita mwaka 2024 jirani zetu hao wakashinda mchezo wao wa kwanza wa Kombe la Dunia, dhidi ya Papua New Guinea, huku mzee wao Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, akirusha mipira 24 na kuruhusu mikimbio minne tu. Mwanafunzi wa Kicukiro alishindwa na mwalimu wake wa Kampala.

Si sherehe tupu

Kuandika habari njema za Kigali mbele ya msomaji Mkongomani si jambo jepesi leo. Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23, na mwezi uliofuata Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza katika ripoti zao msaada wa jeshi la Rwanda kwa kundi hilo, Kigali inakanusha. Serikali ya Kinshasa imeziandikia klabu kubwa za Ulaya zilizobeba tangazo la utalii la Rwanda, zikiwemo Arsenal na Paris Saint-Germain, ikizitaka zivunje mikataba hiyo. Hoja yake ni wazi: michezo inaweza kutumiwa kupaka rangi mahali penye damu.

Hoja hiyo ina uzito, na mtu wa Ituri ana haki ya kuiuliza hata mbele ya uwanja mzuri kama wa Gahanga. Jengo zuri halimsafishi mwenye nyumba. Lakini uwanja wa Kicukiro ni tofauti na tangazo kwenye jezi. Haukujengwa ili wazungu wauone. Ulianza na watu wachache na gongo chache, mahali pabaya, bila kamera. Waliokufa ETO hawakuwa na jeshi, na mtoto anayejifunza kurusha mpira pale hana jeshi pia. Kuwakumbuka wao hakutupunguzii sisi hesabu ya wafu wetu.

Ituri inaweza kujifunza nini?

Kati ya mwaka 1999 na 2003 vita vya Ituri viliua makumi ya maelfu ya watu. Tangu mwisho wa 2017 machafuko yamerudi Djugu, Mahagi, Irumu na Mambasa, na utawala wa kijeshi uliotangazwa mwezi wa tano mwaka 2021 haujayamaliza. Ndani ya Bunia yenyewe, eneo la Kigonze na jingine la nyuma ya ISP yamekuwa makao ya wakimbizi wa ndani kwa miaka. Shule nyingi vijijini zimechomwa au zimegeuzwa mahali pa kulala. Tereni ya shule ndiyo inayojaa hema kabla ya kitu kingine, kwa sababu ni tambarare na haina mwenyewe wa kuidai.

Wengine walivuka maji. Mwanzoni mwa mwaka 2018 maelfu ya watu wetu walipanda mitumbwi Tchomia na Kasenyi, wakavuka Ziwa Albert kuingia Uganda, na wengi wakapelekwa kambi ya Kyangwali. Uganda leo inahifadhi zaidi ya nusu milioni ya Wakongomani. Watoto wao wanasoma kwa Kiingereza, wanaimba nyimbo za huko, wanacheza michezo ya huko. Wako mahali palepale walipokuwa watoto wa Wanyarwanda miaka ya sabini na themanini.

Siku amani itakaporudisha watu hao nyumbani, watakuja na nini? Tumezoea kuwahesabu waliorudi kama midomo ya kulishwa: mifuko ya unga, mabati, mahema. Kicukiro inatufundisha kuwahesabu pia kama watu wanaoleta kitu. Inaweza kuwa lugha, ufundi wa kilimo, biashara, au mchezo ambao hapa hakuna aliyewahi kuuona. Anayerudi na kitu kigeni mara nyingi huchekwa: anaongea vibaya, anacheza mambo ya ajabu, si wa kwetu tena. Rwanda ingewacheka wale vijana na magongo yao, leo kusingekuwa na wasichana waliowashinda West Indies.

Somo la pili ni la ardhi. Mji ukikua, mahali pa wazi ndipo panapouzwa kwanza. Bunia imekua haraka kwa sababu watu wanakimbilia usalama wake. Kila tereni ya shule inayogawanywa viwanja vya nyumba ni mahali ambapo mchezo hautaota tena, na pia ni mahali ambapo, siku ya hatari, watu hawatakuwa na pa kukusanyika.

Na la tatu ni la kumbukumbu. Hapa kwetu sehemu nyingi walipozikwa watu wa 2003 hazina hata kibao. Tunapita juu yake tukienda sokoni. Kicukiro ilifanya vitu viwili kwa wakati mmoja: makaburi yakatunzwa Nyanza, na uwanja wa shule ukapewa watoto. Ukiwa na kumbukumbu tu bila mchezo, vijana watarithi hasira. Na kama mchezo upo lakini wafu wamesahaulika, mtu aliyepoteza wake atakaa pembeni peke yake akisikia wengine wakishangilia juu ya mifupa.

Kwa anayetaka kujaribu, vinavyohitajika ni vichache: vijiti sita, gongo mbili ambazo seremala yeyote wa Bunia anaweza kuzichonga, mpira wa tenisi kwa wanaoanza, na mita 20 za ardhi iliyosawazishwa. Kinachobaki ni wazazi wanaoamini kwamba mtoto akienda uwanjani saa tisa atarudi nyumbani saa kumi na mbili. Hicho hakichongwi na seremala, na ndicho Ituri inachokidai tangu siku nyingi.